Niliwasomea Wazazi Barua Ambayo Haikuandikwa

Shangazi wa redioni, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, nimekusikia ukiwagombeza wenzangu kila Jumamosi saa nne asubuhi na huwa nasema moyoni afadhali ni wao, sasa leo ni zamu yangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano. Naongea kidogo sana, hata jina likiitwa kwenye rejista naitika kwa kunyoosha mkono, kwa hiyo usishangae nikiandika mengi, ni yale yaliyoshindikana mdomoni yamepata njia kwenye kalamu.

Wazazi wangu ni wafanyakazi wa mashamba, siyo wa shamba moja, wa mashamba, tunafuata mazao. Mwezi wa kwanza mpaka wa sita tuko huku kwenye vitunguu, halafu lori linakuja kutuchukua kwenda kwenye nyanya ambako hakuna shule ya karibu, na mwezi wa tisa tunavuka mpaka kwenda kwenye pamba, na pamba ikiisha tunarudi tena huku, ingawa siyo lazima shamba lile lile. Ndani ya lori mimi hulala chali juu ya magodoro yaliyokunjwa, mdogo wangu wa kike nimempakata kifuani, huyo tunamwita Kifurushi kwa sababu tangu akiwa mchanga amesafiri amefungwa blanketi katikati ya vifurushi vingine, na safari moja walishusha vyote wakamsahau yeye juu, baba akalikimbiza lori mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Ukilala chali namna hiyo barabara huioni, unaona mbingu tu, na nyaya za umeme zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka kama mtu anashona, na mimi huwa nafikiria shule niliyoiacha, kwamba sasa hivi kengele yake inalia, wote wanaingia, wanafungua madaftari, na mahali pangu pamekaa hewa.

Sasa sikiliza, Shangazi, hapa ndipo penye jambo langu. Huku shule hufunguliwa mwezi wa kwanza. Kule ng'ambo hufunguliwa mwezi wa tisa. Umeona? Kila tukifika, ndiyo kwanza wanafungua, na kila tukiondoka, wamefika katikati. Na kwa kuwa hatuna karatasi za uhamisho, tukifika tu naambiwa anza upya, huna ushahidi kwamba ulimaliza. Ni kweli sina, kwa sababu sikumaliza. Darasa la saba nimelianza mara nne, mara mbili huku kwa Kiswahili na mara mbili kule kwa lugha yao ya maofisini, na sijawahi kulimaliza hata mara moja. Mwanzo wa kila kitu naujua kwa lugha mbili. Mwisho siujui kwa lugha yoyote.

Kitabu cha hisabati cha huku mimi naondokaga kikiwa ukurasa wa tisini na nne. Cha kule kina namba nyingine za kurasa lakini ni pale pale, sehemu zimekwisha, desimali zimekwisha, na ukifunua jani linalofuata kuna kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi nene, UWIANO. Utaniuliza kwa nini nisifunue mwenyewe nikasoma. Nimefunua, Shangazi. Nimefunua mara nyingi. Lakini ni kama zile nyumba tunazozipita na lori mchana, mlango uko wazi, pazia linacheza, mtu amekaa ndani anakula, lakini hakuna anayekuita jina. Nimeshaiota hiyo Uwiano kama mji. Katika ndoto lori linapita pembeni yake polepole sana, na darasani humo wamekaa watoto wote niliosoma nao, wa vitunguu na wa pamba, wamechanganyika dawati kwa dawati, wanasoma kwa sauti moja lugha ambayo naielewa yote, na kuna nafasi moja mbele karibu na dirisha, na mimi nagonga bodi la lori dereva asimame, na dereva anasema hapa hatushushi.

Mwaka huu shule ya huku ni mpya kwangu na walimu hawanijui. Mwalimu wetu wa hisabati ni mama mmoja mrefu, anavaa miwani imefungwa uzi, anaandika ubaoni huku anatembea. Siku ya kwanza kufundisha sehemu akauliza swali, wengine wakawa bado wanakokotoa, akanitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuandika jibu. Akaja akachukua daftari langu. Akaandika swali lingine, nikajibu. Akaandika gumu zaidi, la kurasa ishirini mbele, nikajibu. Akageuka akaliambia darasa, "Jamani mwambieni huyu mtoto anisubiri, naona amenitangulia!" Wakacheka, na kuanzia siku hiyo naitwa Kompyuta.

Shangazi, mimi siyo kompyuta. Mimi yale maswali nilikuwa nayaona kwa mara ya nne. Mtu yeyote ukimrudishia wimbo mmoja mara nne atauimba. Nilitakiwa kusema siku ile ile, mwalimu, haya nimeyasoma kabla, lakini kusema kulihitaji nisimame, na kusimama kulihitaji watu hamsini na wawili wageuke wanitazame, nikakaa kimya. Halafu nikaona raha kidogo. Ndiyo, hilo nalo nakiri. Sijawahi kuwa mtu wa kwanza popote, mimi ni yule mgeni anayekaa dawati la nyuma lenye mguu wa kutikisika, na safari hii nikawa napewa chaki.

Basi mwezi uliopita mwalimu akaniita baada ya vipindi, akanichukua mpaka bwenini. Ni jengo refu nyuma ya uwanja, vitanda vya chuma vya kupandana, kila kimoja kina namba ya rangi nyeupe. Akanionyesha namba thelathini na moja, cha chini, karibu na dirisha. Akasema shule imepewa nafasi moja ya bure kwa mtoto wa wafanyakazi wa mashamba, akae amalize mwaka na afanye mtihani wa mwisho, na walimu wamenichagua mimi. Akasema, "Jaribu, lala, usiogope, hakikung'ati." Nikalala. Godoro lilikuwa na mistari ya buluu. Chuma cha kichwani kilikuwa kimeng'aa mahali pamoja, pale ambapo wasichana wengine miaka na miaka wameshika wakiamka, nikaweka mkono wangu papo hapo ukaenea. Nikatazama dari. Nikafikiria kwamba sijawahi kuiona dari moja katika majira mawili. Dirishani kulikuwa na jani limekwama kwenye wavu linatetemeka, nikasema nikikaa hapa nitaliona likianguka, na lingine likija.

Halafu likanijia hili: nikikaa, wiki tatu zijazo mwalimu atafunua ukurasa wa tisini na tano.

Shangazi, niliinuka kitandani nikakaa. Atauliza swali la Uwiano, atanitazama mimi, na sitakuwa nimeandika kitu. Atasema Kompyuta vipi? Na swali litakalofuata, na linalofuata, mpaka watajua kwamba kitanda wamempa mtu aliyejua nusu ya kitabu, na pengine kuna mtoto mwingine mwenye akili kweli aliyekikosa.

Mwalimu aliandika barua kwa wazazi, na fomu nyuma yake, kwa ile lugha ya maofisini kwa sababu hata huku shule huandika barua zake zote kwa lugha hiyo. Baba anazijua namba na majina ya aina za vitunguu yaliyochorwa kwenye makreti, basi. Mama anaijua saini yake, ambayo ni ua dogo. Barua zote za nyumbani kwetu nasoma mimi, za kliniki, za msimamizi, zote, tangu nina miaka minane.

Siku hiyo jua lilikuwa bado lipo. Baba alipoona bahasha alikwenda kunawa mikono kwanza, akaipangusa kwenye shati, ndipo akaipokea, akaigeuza, akanirudishia. Mama akapunguza redio. Tukakaa wote juu ya makreti mlangoni, Kifurushi akajisogeza akaweka kichwa magotini pangu, anapenda nikisoma, anasema sauti yangu ya kusoma ni ya mtu mkubwa.

Barua ilianza hivi: Ndugu mzazi, tunayo furaha kukujulisha. Nayaona mpaka sasa hivi. Mdomo wangu ukafunguka ukasoma: "Ndugu mzazi, tunakukumbusha kwamba mtoto wako arudishe vitabu vya shule kabla ya kuhama."

Baba akasubiri.

"Basi? Karatasi yote hiyo kwa ajili ya vitabu?"

"Wamerudia rudia, baba."

"Ndivyo walivyo," mama akasema, "watu wa ofisi wanapenda maneno, hata salamu wataiandika kurasa mbili."

Baba akaiinamia. Akaweka kidole chini kabisa ya fomu. "Na huu mstari hapa, ni wa nini? Siyo pa mzazi kuweka dole?"

"Hapana, baba. Huo... ni wao tu wamepiga mstari."

"Wino ninao lakini," akasema. Alikuwa na kile kidau cha wino alichopewa na msimamizi, amekihifadhi. Akakitazama kidole gumba chake kama mtu aliyekwisha kuvaa nguo za harusi akaambiwa harusi imeahirishwa. Kisha akaikunja barua vizuri, akaitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na kadi zetu za kliniki, maana yeye hatupi karatasi yoyote yenye muhuri. Akaniambia, "Rudisha hivyo vitabu, mwanangu, tusije tukaitwa wezi." Mimi nikasema ndiyo baba.

Kwa nusu siku nilijisikia mwepesi. Toka hapo sijakaa sawa. Mwalimu ananiuliza kila siku, fomu iko wapi, namwambia baba bado anafikiria, na yeye anasema mpe muda, ni jambo zito kumwacha binti. Baba wa watu hafikirii kitu! Mwisho wa kurudisha fomu ni Jumatatu. Lori linakuja Jumanne. Nikitazama mambo vizuri naona ninachotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, siku chache zitapita zenyewe na nyaya zitaanza kupanda na kushuka. Na tena najiambia nani atamsomea mama dawa kule ng'ambo, nani atamtafsiria kwa daktari? Hiyo nayo ni kweli, Shangazi, ingawa najua siyo ndiyo iliyonifungua mdomo siku ile.

Barua hii nampa dereva wa makreti aipitishe redioni kwenu anapokwenda mjini. Nilitaka nikuombe ukiisoma uondoe vitunguu na umwondoe Kifurushi, halafu nikaona ukiviondoa haitakuwa yangu tena. Jumamosi watoto wote tunakuwa bandani tunachambua, redio iko juu ya ndoo iliyofunikwa, meza yetu iko karibu. Mama anapenda sana kipindi chako. Jumamosi iliyopita ulisoma ya msichana aliyefeli na kuficha matokeo, mama akatupa kitunguu kibovu kwenye ndoo akasema kwa sauti, "Mtoto anaiambia redio, na mamaye yuko hapo hapo! Kwani mama ana meno mangapi?" Banda zima likacheka. Mimi nikacheka pia.

Nifanye nini, Shangazi? Niende na lori au nibaki, na nikibaki, nitamwambia nini mwalimu tukifika ukurasa wa tisini na tano?

Ni mimi, anayeitwa Kompyuta na siyo.

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Wasikilizaji, leo mtasikia jibu bila barua. Msipige simu kulalamika. Barua nimeisoma mara tatu, nimeifungia kwenye droo, na ufunguo ninao hapa. Mwenyewe anajijua. Nitamwita binti wa ukurasa wa tisini na nne, na wengine wote mnaruhusiwa kusikiliza kama jirani anavyosikiliza ukutani.

Binti, kwanza nikwambie kwa nini sikuisoma. Umenipa shida yako yote mpaka rangi ya mistari ya godoro, ukanieleza redio imekaa wapi na nani amekaa karibu nayo. Unadhani sikuelewa? Ulitaka niisome hewani, mama yako akutambue ifikapo sentensi ya pili, mambo yaishe bila wewe kufungua mdomo. Ulitaka nikusemee. Sikusemei. Umekwisha kuwa mdomo wa watu wawili wazima tangu una miaka minane, leo unatafuta wa kuwa mdomo wako?

Hapo nimekugombeza kidogo. Kubwa linakuja.

Uliwafanyia vibaya wazazi wako, na wala sisemi kuhusu ule uongo, kila mtoto ana uongo wake. Nasema hivi: barua ile haikuwa yako. Ilikuwa ya baba yako. Aliinawia mikono! Kulikuwa na swali ndani yake ameulizwa yeye, na wewe ukalijibu kwa niaba yake bila kumwambia kwamba ameulizwa. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, alikuwa akizipeleka barua zake kwa fundi cherehani wa mtaani. Yule fundi alikuwa na huruma sana. Kila barua yenye msiba aliisoma kama barua ya salamu. Bibi alikuja kujua kaka yake amefariki baada ya mwaka mzima, alipomtumia shati la zawadi likarudishwa. Hakumchukia fundi. Ila toka siku hiyo, akisomewa kitu chochote, hata kikaratasi cha dawa, alikuwa anamtazama msomaji usoni badala ya kutazama karatasi, na mtazamo ule sikutakii uuone kwa baba yako.

Pengine baba atasema hapana. Pengine mama atasema huyu ndiye macho yangu, siwezi kumwacha. Basi itakuwa hapana yao, waliyoisema wakiwa wanajua, na utaondoka na lori ukiwa na haki ya kununa. Kwa sasa huna hata hiyo.

Kuhusu nani atamsomea mama dawa kule ng'ambo: mwanangu, mama yako alivuka mpaka huo kabla hujazaliwa, akaumwa akapona, na alikuzaa salama bila wewe kumtafsiria. Mwandikie kipimo cha dawa kwa michoro, jua la asubuhi, jua la jioni, kidonge kimoja, viwili. Umesema mwenyewe siyo hiyo iliyokufungua mdomo, nami nimekuamini.

Sasa njoo hapa kwenye kinachokutisha kweli. Unaona umewalaghai walimu. Hebu nikuulize: umeanza darasa moja mara nne, katika nchi mbili, kwa lugha mbili, kila mara ukikaa dawati lenye mguu mbovu, na kila mara ukafika mpaka pale wengine walipofika. Watoto wangapi wangeacha kwenda mara ya pili tu? Wewe unaona aibu kwamba unajua nusu ya kitabu. Aibu hiyo siyo yako. Kuna wakubwa waliopanga kalenda za shule wakasahau kwamba kuna watoto wanaishi kwa kalenda ya mazao, na kuna wakuu wa shule ambao mtoto akifika bila karatasi wanaona rahisi kumrudisha mwanzo kuliko kumpa mtihani wa dakika thelathini waone anajua nini. Nyinyi mnaonisikiliza, nanyi mnajijua. Msijifanye mnatafuta miwani.

Na huo ukurasa wa tisini na tano, nikwambie siri yake. Darasa zima hawajawahi kuusoma. Wote hamsini na wawili. Kila mtu humo atafika siku hiyo akiwa mgeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yako mgeni hutakuwa peke yako. Utakosea swali la kwanza. Kosea. Mwalimu mwenyewe miwani yake imefungwa uzi na bado anaona vizuri nani ana akili, hatapofuka kwa sababu ya swali moja.

Haya, tusikie la kufanya, maana leo ni Jumamosi na siku zako zimebaki mbili. Leo jioni, kabla jua halijazama, toa ile karatasi ilipo. Wakalishe pale pale mlipokaa. Sema sentensi moja tu: siku ile barua hii niliisoma vibaya kwa makusudi. Usieleze, usilie kwanza, ukianza kulia utapewa maji na barua itasahaulika. Isome neno kwa neno, na ule mstari wa chini useme ni wa nani. Halafu nyamaza, kwa sababu hapo ndipo ukimya wako utakuwa na kazi ya maana. Watagombeza. Acha wagombeze, wana haki, na wakimaliza wataanza kuulizana wao kwa wao, ndipo utajua uamuzi wao.

Jumatatu fika shuleni kabla ya kengele. Kama fomu ina dole, mpe mwalimu pamoja na karatasi nyingine utakayoiandika kesho: shule zote ulizopita, mwezi ulioingia, mwezi uliotoka, na mada ya mwisho uliyofundishwa. Kusema huwezi, kuandika unaweza, nimeona. Mwambie haya ndiyo ninayoyajua na hapa ndipo ninapoishia. Mwalimu mwema hajawahi kupata zawadi nzuri kuliko hiyo. Na kama fomu haina dole, mpe karatasi hiyo vile vile, umwombe aigonge muhuri. Ukifika kule ng'ambo iweke mezani kwa mkuu wa shule, asikuanzishe mwanzo mara ya tano.

Na kuna mdogo wako, yule anayependa sauti yako ya kusoma. Hivi karibuni naye ataanza kwenda shule na kurudi nusu. Itakuwa vizuri akijua kwamba dada yake aliwahi kuuona mwisho wa kitabu, akarudi kumsimulia.

Nina neno la mwisho, na hili siyo la binti peke yake. Akina mama na akina baba mlio kazini sasa hivi, mezani, shambani, juu ya makreti: wengi wenu watoto ndio macho yenu. Leo jioni mkishanawa mikono, kila mmoja wenu atafute karatasi ya mwisho iliyotoka shuleni. Najua mmezitunza. Mpe mwanao, umwambie, nisomee tena, taratibu, safari hii sina haraka. Msimtazame kwa ukali. Mbaneni kwa kumsubiri tu.

Na wewe, binti wa ukurasa wa tisini na nne, najua sasa hivi umeinamisha kichwa na mikono inakwenda mbio kuliko ya wengine wote. Punguza mwendo, utaharibu mali ya watu. Jioni ukiambiwa nisomee tena, anza pale barua ilipoanza. Ilianza na furaha.